Kitambaa cha Gobnait

Nilifika Kasri la Carrigvoe saa kumi na robo jioni, siku ya mwisho kabla halijafungwa kwa majira ya baridi, nikiwa na mkasi wa jikoni mfukoni. Nilikuwa na kazi moja tu: kukata kitambaa cha marehemu mke wangu kutoka kwenye mti wa miiba ulio kando ya kisima, nyuma ya mnara.

Mama wa tiketi aliuona mkasi. Aliushika kwa vidole viwili, kama mkia wa panya.

"Na huu? Umekuja kutunyoa?"

"Nina kitambaa mtini."

"Nani hana kitambaa mtini, bwana wee? Chenye makali hakiingii. Na saa kumi na moja nafunga lango. Hata awe askofu, simsubiri."

Nilibishana naye dakika kumi. Nikashindwa.

Kwetu mgonjwa hukata kipande cha nguo yake, hukilowesha kisimani, kisha hukifunga kwenye mti ule. Kikioza, ugonjwa nao huisha. Mapafu ya mke wangu, Gobnait, yalipoanza kugoma, alitaka tukate gauni lake la pamba. Mimi nikakata koti lake la mvua, la nailoni. Nimefundisha ujenzi wa madaraja miaka thelathini. Nilitaka kitu cha kudumu.

Alikufa Februari. Tangu wiki ya mazishi, kila alfajiri, kikohozi chake husikika chumba cha pili.

"Unashangaa nini, shemeji?" dada yake, Noreen, aliniambia. "Kitambaa hakijaoza. Ugonjwa haujui kwamba mwenyewe ameshakufa. Profesa mzima, unafunga nailoni! Nenda ukaitoe, dada yangu apumzike."

Njia ya kisimani ilikuwa imezibwa kwa utepe. Kibao kilinielekeza nizunguke mnara. Nikazunguka. Kibao kingine kikanirudisha nilikotoka. Nikauruka utepe, suruali ikachanika.

Giza lilikuwa limeanza kuingia chini ya mti. Matambara mamia yalining'inia, mengi meusi kwa ukungu. Kipande chetu cha buluu kiling'aa kama siku ile ile niliyokifunga.

Nilikuwa nimefunga fundo moja.

Sasa yalikuwa saba.

Yale sita mapya yalikuwa yamezungushwa kwa mkono wa kushoto. Mimi natumia wa kulia. Gobnait alitumia wa kushoto…

Nikajiambia ni mchezo wa watalii. Nikaanza kufungua, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Fundo la kwanza. Mbali, upande wa mnara, mtu alikohoa.

La pili. Kikohozi kikasogea.

Kwa kila fundo kilikuja karibu zaidi. Lilipolegea la sita, nikasikia harufu ya mafuta ya mkaratusi, yale niliyokuwa nikimpaka kifuani kila usiku. Ilitoka nyuma ya shingo yangu.

Likabaki langu.

"Malachy…"

Sikugeuka.

"Ukilifungua hilo… mimi nitakwenda wapi?"

Nilikuwa nimekuja kumpumzisha. Hakuna aliyeniambia kwamba hataki kupumzika.

"Wewe wa kitambaa!" mama wa tiketi alipiga kelele kutoka langoni. "Nafunga!"

Nami nikafunga. Nilirudisha mafundo yote sita, gizani, kwa kupapasa, kwa haraka na kwa hasira, miiba ikinichoma. Nilivuta kila kilichogusa vidole vyangu na kukaza. Harufu ikapotea.

Langoni mama yule alinirudishia mkasi.

"Umekitoa?"

"Hapana."

"Basi, heri hukushika cha mwenzio. Jumatano kuna dada alileta soksi ya mwanawe, ya sufu nyekundu. Akaifunga tawi lile lenye nailoni ya buluu, maana ndilo alilolifikia. Mtoto yuko hospitali mjini Cork, kifua. Sufu huoza upesi, nikamwambia, Krismasi atakuwa mzima."

Nilitazama vidole vyangu chini ya taa. Kwenye damu iliyoganda palikuwa na nyuzi nyekundu.

"Nifungulie," nikasema. "Dakika tano tu."

"Bwana, hata mbili sina."

"Nimeifungia ndani ya nailoni!"

"Umefungia nini?" Akazungusha ufunguo, akanitazama kama anayemtazama mlevi. "Nenda nyumbani. Pole kwa msiba."

Nilizunguka ukuta wote nikitafuta pa kupandia. Hapakuwa na mahali. Wale waliojenga kasri lile waliijua kazi yao.

Alfajiri nilikuwa macho. Kikohozi cha Gobnait kikaja, kizito, kama kawaida. Kisha kikafuata kingine. Chembamba. Cha haraka haraka.

Cha mtoto.

Nilipiga simu kasri mara kumi na moja. Kila mara sauti ya mashine ilinishukuru, ikasema tuonane Machi. Nilipiga simu hospitali. Wakaniuliza jina la mtoto, nami sikuwa nalo.

Sisi hatukujaliwa mtoto. Tulijaribu miaka tisa, kisha tukaacha kulizungumzia.

Nilisimama nje ya chumba cha pili, mkono juu ya kitasa. Mtoto alikohoa tena, akaanza kulia. Ndipo nikamsikia mke wangu akimbembeleza, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo maisha yetu yote.

Alikuwa na furaha.