Maneno ya ku Robine

Bajukuu, na nyiye bamama ba ku kambi, mwikale kidogo. Ii habari iko yetu siye bote.

Mu Élisabethville ya zamani, mbele ya uhuru, kulikuwa kambi moya ya batumikaji. Kila asubui Mama Ngalula, mama ya Kasai mwenye sauti ya nguvu, alikuwa anapita ku milango na ndoo yake. Anaita: "Adolphine, uko muzima? Kuya tuende mayi." Ku robine, bomba ya mayi ya kambi, bamama banapanga ndoo, masolo inaanza: nani alilala bubaya, mutoto ya nani iko na homa. Mayi inatoka, kicheko iko mingi. Adolphine alikuwa na mimba. Mimba mbili za mbele zilimutoka, bamama balijua, na Ngalula alikuwa anamugusa tumbo mbele ya kumutwika ndoo.

Bwana yake, Liévin, alikuwa muntu ya akili. Alimaliza diplome, kisha bakamuingiza ku masomo ya juu, kwenye banafundisha namna ya kupanga kazi mu usine, mu kiwanda: nani asimame wapi, mukono ipite wapi, saa yenye kupotea bure iondolewe. Masomo ya muzuri, tusidanganyane. Bantu beusi benye balikuwa banaingia mule balikuwa bachache sana. Lakini Liévin akabeba usine mpaka munyumba.

Siku moya akasimama ku dirisha na montre, saa ya mukono, akapima bibi yake namna anaenda ku mayi. Mangaribi akamuambia:

"Ndoo inajaa mbio. Saa ingine yote ni midomo tu. Ni gaspillage, kupoteza saa bure, Adolphine."

"Lakini beko banaangalia hali yangu."

"Mimba haikomazwe na masolo. Utaenda saa sita ya muchana, wakati robine iko bila bantu. Na umuambie ule mama aache kugonga hapa."

Adolphine hakumubisha. Bwana alisoma sana, na ye alisoma kidogo tu ku ba masœur ba misioni. Kesho yake akafungua mulango nusu, akasema vile alifundishwa, kwamba munyumba yake hamuna saa ya kupoteza. Ngalula akamuangalia. Kisha akacheka kicheko ya ku meno: "Aya, madame. Siye bapotezaji tunaenda."

Tangu pale habakugonga tena. Bakifika pa ile nyumba banaharakisha, banashusha sauti, moya anatania basimuamushe bwana ingénieur.

Ni kweli, nyumba ilitengenea. Bukari, ugali yetu, ilikuwa tayari saa bwana anarudia, na Liévin akajisifu mbele ya mwalimu yake. Adolphine, ye, alibaki kuongea na sufuria.

Asubui moya, Liévin akiwa ku masomo, bucungu ikamukamata Adolphine karibu na mbabula, jiko ya makala, mbele ya mwezi yake kutimia. Damu ikashuka. Akajikokota mpaka ku mulango. Inje akasikia ndoo zinagongana, na sauti ya Ngalula. Haya ikamufunga kinywa. Atamuita namna gani muntu mwenye alifukuza? Akawaza: bapite kwanza, bakirudia nitaita.

Balirudia kweli. Ye alikuwa amelala chini, sauti yake imekuwa ya kifaranga. Bakapita.

Liévin, saa alirudia, njo alimukuta. Akakimbia kwa Ngalula, na bamama, bila kuuliza kitu, bakamubeba mpaka ku lopitalo. Adolphine akapona. Mutoto, mwanaume, alikuwa amekwisha kufa, na dokta akasema hakutakuwa mwingine.

Pa mulango ya lopitalo Liévin akauliza: "Mama Ngalula, mulipita pa nyumba yangu. Hamukusikia?"

Ngalula akajifunga kikwembe muzuri, akamuangalia mu macho.

"Tulipita, bwana. Tulipita mbio, sawa vile ulitaka."

Nyuma ya siku za kilio ya mutoto Adolphine akarudia kwa bazazi yake ku Mokambo, na hakurudi. Liévin akamaliza masomo. Siku bakamupa karatasi ya masomo, hakukuwa muntu wa kumupikia chakula ya furaha.

Mafundisho

Bajukuu, musome, hata mpaka kwenye bantu ba zamani habakufika. Lakini masolo ya ku robine njo ilikuwa inalinda bibi ya muntu, na hakuna montre yenye inaona vile. Mbele ya kuondoa kitu mu maisha ya bantu, uliza kwanza ile kitu inashikilia nini. Na we mama, bucungu ikikamata, piga kelele, hata kama uligombana na kambi yote. Haya haizalishe muntu.