Nyuma ya Utando

Siku tumbo la fundi mapazia lilipoitikia hodi, mkewe alicheka. Jirani alikuwa mlangoni, fundi kabana pini mdomoni, na sauti nyembamba ikatoka chini ya shati lake: "Karibu!"

"Umeanza vituko?"

Fundi alitema pini kiganjani. "Si mimi, mke wangu."

Kicheko kikamkauka. Tangu hapo kila fundi alipotaka kula, nyumba ilinuka nywele zilizoungua, naye akasukuma sahani. Hospitali walipima, hawakuona kitu. Akakonda mpaka akawa anapunguza suruali zake mwenyewe, kimya kimya, kwenye cherehani ileile.

Mkewe alifundisha wauguzi viungo vya mwili, na alizoea kufanya mazoezi ya somo mbele ya mumewe. Aliendelea hata sasa, ili asilie.

"Tumboni mna utando, kama pazia lako. Umevifunika mfuko wa chakula, ini, wengu. Figo ziko nyuma yake, zimeegemea mgongo. Kongosho ndilo la ajabu: lilianza ndani, likasukumwa nyuma mtoto akiwa bado mimbani, likaganda huko."

"Maskini, mpangaji kahamishwa," fundi alinong'ona.

Tumbo lililokuwa likinguruma likanyamaza ghafla. Mwalimu hakupenda ukimya ule.

Mganga alikuja mchana kweupe. Alionya mapema kwamba jini hili huamriwa kutoka mara moja tu, na mahali pasipotajwa litapafanya kwake.

"Nitaje wapi, mama?"

Fundi alikuwa anatetemeka na kitanda chake. Mwalimu akajibu upesi, kwa mazoea ya darasani: "Sema vyote vilivyo ndani ya utando!"

Mganga akaamuru. Fundi alipiga ukelele mmoja, harufu ikakatika, kisha akaomba chai. Akanywa! Mwalimu aliweka sikio tumboni mwa mumewe, hakusikia kitu, akalia kwa furaha bila aibu.

Fundi akageukia ukutani apumzike. Mwalimu aliinama kumfunika shuka, na hapo ndipo nywele zilizoungua zikamjia tena puani, taratibu, kutoka upande huu wa mgongo uliotoka mifupa, na kabla hajajua kama akimbie au apige kelele akasikia sauti ileile nyembamba, sasa ikiwa chini zaidi na imetulia, ikimwambia kwa adabu ya mwanafunzi:

"Asante kwa somo, mwalimu. Nilianza ndani, nimesukumwa nyuma. Nimeganda."

Alimtazama mganga. Mganga alikuwa ameshasikia. Alikuwa anavaa viatu.

"Mzee, nakuomba..."

"Nilikwambia ni mara moja tu, mama."

Mlango ukafungwa. Kitandani fundi alijinyoosha, usingizi umemjaa.

"Mke wangu, mbona mgongo unaniuma?"

"Umelala vibaya tu," mwalimu alisema, akamfunika vizuri.