Kiungo Kilichokataa Kipimo

Kikaratasi kilichomtosha jana, leo ncha zake hazikukutana.

Mbithe alikizungusha tena kwenye kidole cha pete. Jana alikuwa amefuata kila hatua: alingoja mikono ipoe baada ya kufua, akapima shina la kidole, akapima na kiungo ambacho pete lazima ipite, akalaza kikaratasi kwenye rula. Leo kiungo kilikuwa kimevimba, na ngozi yake ilikuwa na mikunjo ya ajuza.

"Babe, size?" Ngigi, mchumba wake, aliuliza kwenye simu. Alikuwa Thika kwa sonara. "Fundi ananingoja, na harusi ni Saturday."

"Tumia tu ile ya jana," akajibu kwa sauti ndogo.

Akachukua uzi apime mkono, kwani Ngigi alitaka kumnunulia na bangili. Hapo chumba chake mtaani Kimbo kikajaa harufu ya ugoro, mchana kweupe, mlango wazi, majirani wakianika nguo nje, na kabla hajafunga uzi, vidole vikavu na baridi vikamzunguka kifundo cha mkono, gumba upande huu na cha kati upande ule, vikabana hadi vikagusana, vile vile nyanyake, Susu Mwelu, alivyokuwa akiwapima wajukuu wakienda kwake likizo, aone kama huku mjini wanakula vizuri.

"Susu, nisamehe," akanong'ona.

Aibu ilimchoma hadi masikioni. Susu aliomba azikwe na bangili yake ya shaba. Siku ya kumwosha, wanawake walipotoka kuongeza maji, Mbithe aliivuta ili aje kuivaa harusini. Ikakwama. Akapaka sabuni, akavuta kwa nguvu, na kidole cha maiti kikalia ko! Aliufunika ule mkono kwa shuka haraka haraka, na bangili akaificha kwenye mkebe wa mchele.

Alimpigia mamake akilia, akakiri kuichukua bangili. Kesho yake wakaenda kwa Mzee Wambua, mganga wa huko kwao, mashariki ya Thika.

"Hili si jini la kutumwa," mzee akasema. "Huyu ni mtu wenu. Bangili uliitoaje?"

Mama alikuwa pale pale, amejiziba mdomo kwa leso. Susu aliyevunjwa kidole ndiye aliyemzaa huyu Mama. Mbithe angesema vipi?

"Ilikuwa imelegea. Ilitoka tu."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Wakaifukia bangili kaburini, mzee akamwomba Susu apumzike. Harufu ikaisha, kiungo kikanywea. Mbithe akajiambia mambo yamekwisha, ingawa hakuweza kumtazama mamake usoni.

Jumamosi, kanisani Ruiru, Ngigi alimvika pete. Ilifika kwenye kiungo ikasimama. Akaisukuma, wapi. Watu wakaanza kucheka, na pasta naye akacheka.

"Jamani, bibi harusi aletewe sabuni!"

Ugoro ukanukia. Mbithe akageuka kumtafuta mamake kwenye viti vya mbele.

"Mwaitu, nilidanganya, haikuwa imelegea, ngoja niseme..."

Lakini vigelegele vilikuwa juu, na ile mikono mikavu ilikuwa tayari imeshika, mmoja kifundo cha mkono, mwingine pete, ikisukuma pole pole kama mtu asiye na haraka yoyote.

Kidole kikalia ko! Pete ikaingia hadi shinani, na kanisa zima likapiga makofi.