Mwavuli wa Koleta

Koleta wa Murukulazo alijua kupika pombe ya ndizi. Ndizi aliziivisha shimoni, akazikamua kwa mikono safi, akatia mtama wa kukaanga. Kila Jumamosi alipeleka madumu yake sokoni, karibu na kambi ya wakimbizi. Kabla ya adhuhuri yalikuwa matupu.

Mumewe, Desderius, ndiye aliyeyaandika madumu: POMBE TAMU. Kisha aliziba kila dumu kwa jani la mgomba, akajiona msomi kweli kweli.

Jumamosi moja alikuja Sindayigaya, mkimbizi kutoka Burundi, ameshika tumbo.

"Yebabawe, mama Koleta! Umeniua! Tangu jana nashinda chooni kwa pombe yako!"

"Jana nilikuwa shambani, sikuuza."

"Dumu lilikuwa na jani! Liliandikwa Pombe Tamu!"

Koleta akatazama safu ya wauzaji. Madumu yote yaliandikwa Pombe Tamu. Yote yalizibwa kwa jani la mgomba. Lakini watu walishasikia, wakampa kisogo. Alirudi na madumu yamejaa, akalia kwa uchungu.

"Usilie," alisema Desderius. "Nitaandika POMBE TAMU SANA."

Jumatatu walikwenda mjini Ngara, dukani kwa Bi. Biubwa, kununua rangi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Rangi ya nini?"

Desderius akaeleza kwa maringo. Bi. Biubwa alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Mimi pombe siinywi," alisema, "lakini biashara nimezaliwa nayo. 'Tamu' ni sifa tu. Kila muuzaji ana haki ya kusema yake ni tamu. Na hilo jani, nani asiyeziba nalo? Alama ya biashara inaonyesha kitu kimetoka kwa nani."

"Basi nichore ndizi."

"Wenzako hawana ndizi?"

"Niandike POMBE YA MURUKULAZO?"

"Murukulazo nzima anapika mkeo peke yake?"

Desderius akakuna kichwa. Koleta alikuwa akitazama mwavuli mwekundu uliotundikwa ukutani.

"Je, mwavuli?" aliuliza.

"Mwavuli na pombe wapi na wapi!" alifoka mumewe.

"Ndiyo maana unafaa," alisema Bi. Biubwa. "Hakuna muuzaji wa pombe anayeuhitaji kueleza pombe yake. Mtu akiuona dumuni atamkumbuka Koleta, hata kama hajui kusoma. Uchoreni uleule kwenye kila dumu, msiubadilishe. Kisha mwulizeni afisa biashara jinsi ya kuuandikisha kwa msajili, mwingine asiuchukue."

Wakanunua rangi nyekundu. Baada ya miezi miwili, watu sokoni walisema, "Nipe Mwavuli." Sindayigaya alilizungusha dumu kwanza mpaka auone, ndipo akanywa.

Jumamosi moja pombe ya dumu moja iliharibika.

"Tuuze tu," alinong'ona Desderius. "Nani atajua ni letu?"

Koleta aligeuza dumu, mwavuli mwekundu ukamtazama Desderius usoni. Desderius akalibeba mwenyewe, akaenda kulimwaga migombani.