Mashavu ya Mayige

Kila asubuhi Milembe alichemsha michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakauka. Pale Ngulyati, karibu na mji wa Bariadi, karibu kila nyumba inayo. Ni chakula kizuri. Kinashibisha, tena kinakaa muda mrefu bila kuharibika. Lakini mwaka ule, nyumbani kwa Milembe na mumewe Ndaki, michembe ililiwa asubuhi, mchana na jioni. Siku ya ugali, mboga ilikuwa mlenda tu.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka uliotangulia pamba ilinunuliwa vizuri. Watoto wao, Salu wa miaka saba na Mayige wa miaka miwili, walikunywa maziwa. Kisha bei ya pamba ikaanguka. Siku hiyo Ndaki alirudi kutoka mzanini, mahali pa kupimia na kuuzia mazao. Akakaa mlangoni, akavua viatu.

"Wamesemaje?" Milembe aliuliza.

"Wanasema huko nje pamba haitakiwi."

"Sasa tutafanyaje?"

"Tutauza vingine."

Wakauza vingine. Mayai yakaenda gulioni. Maziwa yakachukuliwa kila asubuhi na mchuuzi wa baiskeli, yakaenda mjini. Choroko zikafungwa kwenye magunia zisubiri bei. Nani anakula choroko kwetu? Tunazilima, tunazipalilia, tunazivuna, halafu tunaziangalia tu. Ni za biashara, tunasema.

Ng'ombe wenyewe Ndaki hakutaka kuwagusa.

"Mtu akipita akakuta zizi limepungua, atasema hapa pamekufa," alisema.

Zizi halikupungua. Kilichopungua ni chakula cha watoto, ila hicho wapita njia hawakioni.

Milembe alikuwa mjamzito, na kwa sababu hiyo alikuwa amemwachisha Mayige ziwa. Sasa alishinda kwenye mashamba ya watu, aking'oa miti ya pamba kwa kibarua. Kliniki ya watoto aliiacha. Angeenda saa ngapi? Mayige alibaki na Bibi Kabula, mama yake Ndaki.

Baadaye mashavu ya Mayige yakaanza kujaa. Bibi Kabula alifurahi sana.

"Mmeona mashavu haya?" alisema. "Na nyie mnalia shida! Mtoto ananenepa kwa michembe ya bibi yake."

Ndaki naye alifurahi. Katika mwaka ule wote hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Wageni walipokuja alimbeba mtoto, akawaonyesha.

"Tazameni huyu! Pamba imetutupa, lakini mwanangu hajatutupa."

Watu walicheka, wakampapasa Mayige mashavuni. Mayige hakucheka. Alikuwa ameacha kucheza. Nywele zake nyeusi zilikuwa zimegeuka nyepesi, za rangi ya kahawia. Alikaa alipowekwa, akinung'unika.

Siku moja Salu alikuwa akimwogesha mdogo wake.

"Mama, njoo uone," aliita. "Nikibonyeza mguu wa Mayige, shimo linabaki."

Milembe akaja. Akabonyeza kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki pale pale. 

"Baba Salu, twende zahanati," alimwambia mumewe.

"Kwa fedha ipi? Subiri tuuze choroko. Tena mtoto mnene hivi anaumwa nini?"

Wakasubiri. Bei ya choroko haikupanda. Mayige akaanza kukataa chakula, kisha akaanza kuhara. Hapo Ndaki mwenyewe akamfunga mtoto kwenye baiskeli kwa khanga, Milembe akamshikilia kwa nyuma, wakaenda.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Domitila.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Milembe kwa lugha ya nyumbani, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka."

Domitila hakuuliza mengi. Alibonyeza miguu yote miwili ya Mayige. Akamtazama nywele, akamtazama macho.

"Huyu mtoto hajanenepa," alisema taratibu. "Amevimba. Huu ni utapiamlo mkali."

"Utapiamlo ni njaa," Ndaki alisema. "Mwanangu anashiba kila siku!"

"Anashiba, baba, lakini hajengwi. Michembe na ugali vinampa nguvu kidogo. Mwili wa mtoto unataka pia maziwa, mayai, dagaa, karanga, vyakula vya jamii ya kunde. Akivikosa muda mrefu, anaweza kuvimba hivi. Nyumbani mna maziwa?"

"Yanaenda mjini."

"Mayai?"

"Tunauza."

"Choroko?"

Milembe alianza kulia. "Zipo. Magunia yako chumbani. Mtoto analala karibu nayo."

Domitila alimfunika Mayige khanga. Kisha akasema, "Mtoto aliyevimba hatibiwi nyumbani. Msimshindilie chakula, atazidiwa. Twendeni hospitali sasa hivi, wana maziwa maalumu na dawa. Kilichoniumiza ni kwamba hamkumleta mapema. Kumpima mtoto kliniki ni bure, hata pamba ikianguka."

Hospitalini walipewa kitanda. Wauguzi walimnywesha Mayige maziwa maalumu, kidogo kidogo. Lakini homa ya mapafu ilikuwa imeshamwingia, na mwili haukuwa na nguvu ya kupigana nayo. Alifariki asubuhi, mama yake akiwa bado ameshika kikombe.

Walimzika nyuma ya nyumba. Watu walipoondoka, Ndaki alibaki palepale.

"Nilikuwa nawaonyesha watu mashavu yake," alisema. "Nilikuwa nawaonyesha ugonjwa."

Bibi Kabula alijifungia ndani. Kwa muda mrefu hakutaka kumshika mtoto wa mtu yeyote.

Baada ya msiba Domitila alikuja nyumbani. Hakuja kulaumu. Alimpima Salu mkono kwa utepe, akakuta naye amekonda.

"Huyu tunaweza kumwahi," alisema.

Akaenda jikoni na Milembe. Wakachemsha choroko mpaka zikalainika, wakaziponda, wakatia karanga za kusaga. Salu alikula mpaka akalamba sahani.

"Mkivuna, toeni kwanza fungu la watoto," Domitila alisema. "Kinachobaki ndicho cha gunia. Maziwa nayo, wakinywa watoto, yanayobaki yaende mjini. Na wewe, mayu, ukijifungua, nyonyesha mpaka mtoto afike miaka miwili. Ukipata mimba nyingine, usimwachishe kwa sababu hiyo. Kula vizuri, uendelee."

"Na fedha?" Ndaki aliuliza.

"Fedha sina jibu lake, baba. Bei siipangi mimi. Ninachosema ni kwamba mkipunguza, msianzie kwenye sahani ya mtoto."

Ndaki aliuza ng'ombe mmoja. Zizi likapungua. Watu walipita, wakaona, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyesema pamekufa, ingawa safari hii wangesema kweli.

Milembe alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Sayi. Msimu uliofuata bei ya pamba haikupona. Ndaki alipeleka choroko mzanini, karani akatikisa gunia.

"Mbona halijajaa, mzee?"

"Zilizopungua wanakula watoto," Ndaki alijibu.

Sasa Sayi anatambaa. Anapimwa kliniki kila mwezi, na uzito wake unapanda. Bibi Kabula amekubali tena kubeba mtoto, lakini hamsifii mtu mashavu.

Salu amenawiri, anasoma darasa la pili. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, anainama na kubonyeza mguu wa mdogo wake. Anaondoa kidole, anatazama. Hakuna aliyemtuma. Mama yake amemwambia mara nyingi kwamba Sayi ni mzima, aende, atachelewa. Salu hasikii. Anasubiri mpaka aone ngozi imerudi, ndipo anachukua madaftari yake.