Kengele Ilikata Neno

"Uondoeni huo wimbo," Shigeharu alisema kwenye simu, supu ikipoa mbele yake. "Dawa yenu sina ubaya nayo. Meno yangu ya bandia yanang'aa hata paka wa jirani anakuja kujitazama. Shida ni wimbo."

Binti wa huduma kwa wateja aliomba radhi kwanza, ndipo akauliza kosa.

"Wimbo umefanya nini, mzee wangu?"

"Unanisema vibaya nikiwa nakula. Kila jioni."

"Unakusema... wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Aliyeuimba ananijua."

Binti akachukua jina na namba, akaahidi kufikisha malalamiko kwa wakubwa.

Shigeharu alikuwa kinyozi wetu hapa Tokamachi mpaka alipostaafu. Majira ya baridi ya mwaka aliopiga simu hiyo, theluji ilipanda hadi watu wakawa wanaingia majumbani kwa madirisha ya juu. Wapo wanaosema nazidisha chumvi; hao walizaliwa kiangazi. Hakuwahi kuoa. Washenga walipokuja aliwanyoa, akawaaga. Wali alipika wa mtu mmoja, na jioni alizungumza na televisheni.

Sasa televisheni nayo ikamgeuka. Katika tangazo lile, bibi na babu wanatumbukiza meno yao kwenye glasi, kisha unapanda wimbo wa zamani, sauti ya msichana: "Hata theluji ifunike reli, wewe, wasure—" Hapo wanaukata. Mwanamume mwenye sauti nzito anadakia: "Usiku, usiyasahau meno yako."

Wasure ni kusahau. Ila lugha yetu ya Kijapani ina ujanja wake, kukanusha hukaa mkiani. Ukimalizia na ru, ninakusahau. Ukimalizia na nai, sikusahau. Mpaka mtu afunge mdomo, hujui umependwa au umeachwa.

Msichana wa wimbo alikuwa Mitsue, aliyekuwa akiuza tiketi kwenye bafu la umma. Zamani hizo alitaka kwenda Tokyo kurekodi, na Shigeharu akamwomba abaki wafunge ndoa. Mitsue akamjibu kwamba jibu amelitia kwenye wimbo alioutunga. Aje ukumbini kwenye mashindano ya kuimba, alisikie. Akaenda, kichwa kimepakwa mafuta mpaka nzi wanateleza. Mitsue akaimba vizuri, akafika kwenye wasure, na mwamuzi akagonga kengele. Kengele moja maana yake umeshindwa, shuka. Akashuka na neno likiwa nusu mdomoni. Shigeharu akatoka nje bila kumngoja. Kesho yake Mitsue akapanda treni. Sahani ya santuri ya wimbo huo ilipotoka iliuzwa vibaya kiasi kwamba hata mama yake aliazima. Shigeharu hakuigusa.

Siku mbili baada ya malalamiko, dada yake Fusae akamtumia ujumbe: "Kaka, nimesikia unagombana na tangazo. Toka nje uzungumze na watu."

Hakujibu. Mchana ule simu ya mezani ikalia.

"Hapo ni kwa Shigeharu kinyozi?"

"Nimestaafu. Sinyoi."

"Sijapiga kwa ajili ya nywele. Watu wa dawa ya meno wameniambia kuna mteja analalamikia wimbo wangu. Nilipoona jina, nikaomba namba, nao wakasema uliwaachia."

Shigeharu akanyoosha mkono kupunguza sauti ya televisheni. Ilikuwa imezimwa.

"Mitsue."

"Ndiyo mimi. Bado unakula ukitazama televisheni? Mama yako alikukataza."

"Mama hayupo siku nyingi."

"Pole, Shige. Na mume wangu hayupo. Mwanangu hupiga simu mwaka mpya." Akakohoa kidogo. "Haya, niambie. Wimbo umekukosea nini?"

"Ulisema jibu limo humo. Nikaja, nikalisikia. Utanisahau."

Simu ilikwaruza, ikihamia sikio la pili.

"Kengele ilipigwa kwenye wasure," Mitsue akasema polepole. "Hiyo ru uliisikia wapi?"

Shigeharu akaanza kukunjua waya wa simu.

"Nakuuliza wewe, fundi wa mikasi. Ru uliitoa wapi?"

"Nilimalizia mwenyewe."

"Ulimalizia mwenyewe! Na sahani je? Maneno yote yamechapishwa kwenye jalada lake."

"Sikuitazama."

"Nilikaa stesheni, Shige. Treni ya kwanza nikaiacha ipite. Ya pili nikaiacha. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nikinoa wembe."

"Siku nzima?"

"Wembe ulibaki mwembamba kama uzi."

Mitsue akacheka, kisha kicheko kikaingia maji, akapenga kamasi bila aibu.

"Imba mwisho wake," Shigeharu akasema.

"Sauti imekwisha, wewe."

"Neno hilo moja tu."

Akaimba. Sauti ilipasuka katikati, ikayumba, lakini safari hii hakukuwa na mwamuzi: "Wasure... nai."

Shigeharu alishika simu kwa mikono miwili. Alitazama chumba chake, bakuli moja, mto mmoja wa kukalia, na kwa mara ya kwanza akaona ukubwa wa alichokipoteza kwa silabi moja aliyoitunga mwenyewe.

"Theluji bado ipo huko?" Mitsue akauliza.

"Imefika dirishani."

"Treni je?"

"Zinapita. Reli wanaifagia."

"Basi Jumapili nakuja. Nikikukosa stesheni, nashuka nanyoosha hadi kwako nikunyoe mimi, kwa huo wembe wako."

Jumapili Shigeharu aliwahi stesheni kabla ya mfagiaji, amevaa tai ya msibani kwa kuwa ndiyo tai pekee aliyonayo. Waliposimama uso kwa uso hawakushikana. Mitsue alimtazama kichwani, ambako sasa hata nzi hangepata pa kuteleza ila ngozi tupu, akamkabidhi begi lake. Walitembea pamoja.

Tangazo kampuni haikuliondoa. Ukipita pale kwake jioni utalisikia mpaka barabarani, msichana akiimba, "wewe, wasure—", na wimbo unakatwa. Kabla mwenye sauti nzito hajadakia, kutoka kwenye sinki la jikoni, palipo na glasi mbili za meno, sauti ya bibi asiye na meno inamalizia:

"Nai."