Kadi Mbili za Anisia

Kila asubuhi ya likizo Anisia alifagia studio ya mama yake mdogo, Paskazia, pale Kahama. Vumbi la mji ule halina adabu. Kabla hujaweka ufagio chini limesharudi na ndugu zake. Baada ya hapo alipangusa kompyuta ambayo Mama mdogo aliitumia kutengeneza video za harusi, kisha akamsaidia Salome, mfanyakazi wa studio, kupanga benchi la wateja.

Anisia alikuwa darasa la saba na kompyuta alizijua kidogo. Shuleni, hata hivyo, alijitapa kwamba anazijua sana.

Wiki hiyo Mama mdogo alinunua kadi ya pili ya picha, kile kifaa kinachoisaidia kompyuta kuchora video haraka. Fundi Cornel alikataa kuifunga. Alieleza kwamba kadi mbili hula umeme mwingi, na pawa saplai iliyomo, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, haiziwezi. Isitoshe, kadi hizo si za aina moja. Aliwaomba wasubiri alete pawa saplai kubwa kutoka Mwanza, ndipo azijaribu mwenyewe.

Anisia alimwona mwoga tu. Kijijini baba yake humfunga maksai mchanga pamoja na mzoefu kwenye plau moja, na yule mchanga hujifunza kwa kuvuta pamoja na mwenzake. Kama maksai wasiolingana wanalima shamba likaisha, kadi zitashindwa na nini?

Mchana Mama mdogo alikwenda sokoni, Salome naye akaenda kula. Anisia alichukua bisibisi, akafungua kompyuta, akachomeka kadi ya pili, akawasha. Feni zilivuma, kisha ukasikika mlio mkavu na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Kompyuta ilizimika na haikuwaka tena. Haraka haraka aliichomoa kadi, akairudisha kwenye boksi lake na kufunga kila kitu kama kilivyokuwa.

Mama mdogo aliporudi na kuuliza kulikoni, Anisia alijibu kwamba umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Uongo ulimtoka kirahisi mno. Alisahau kwamba kuchomoa kompyuta ukutani kila umeme unapokatika ilikuwa kazi ya Salome.

Basi Salome alipoingia, hasira zote zilimwangukia yeye, tena mbele ya wateja waliokuwa wameshaketi kwenye benchi. Mama mdogo alimwita mzembe, akasema ameua mashine inayowalisha wote, na kwamba kesho asije. Salome alijaribu kueleza kwamba kule alikokuwa akila umeme haukukatika, lakini hakusikilizwa. Mteja mmoja, mama kutoka Runzewe, alitikisa kichwa na kuondoka zake. Salome aliweka funguo mezani, akaanza kukusanya vitu vyake huku akifuta machozi kwa kiganja.

Anisia alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimvuta Mama mdogo chumba cha nyuma.

"Umeme haukukatika," alinong'ona. "Ni mimi. Nilifunga zile kadi mbili."

"Mbona unaniambia huku nyuma?" aliuliza Mama mdogo.

"Naona aibu."

"Na Salome nimemwaibisha wapi?"

"Mbele ya wateja."

"Basi twende huko huko."

Anisia alisimama mbele ya benchi, uso ukimwaka moto, akasema yote. Mama mdogo naye alimwomba Salome radhi watu wakisikia, akamrudishia funguo mkononi. Salome alizipokea, akarudi kupanga benchi bila kumtazama Anisia, na hilo lilimuuma Anisia kuliko kofi.

Siku chache baadaye Fundi Cornel alifunga pawa saplai mpya. Ile ya zamani tu ndiyo iliyokuwa imeungua. Video zote zilikuwa salama. Anisia alishusha pumzi, akauliza kama sasa mambo yamekwisha.

"Kompyuta imekwisha kutengenezwa," alisema Mama mdogo. "Ikiharibika, namwita Cornel. Jina la mtu ukiliharibu, fundi wake ni wewe uliyeliharibu. Yule mama wa Runzewe aliondoka akiamini Salome ni mzembe. Jumamosi anakuja kuchukua video ya harusi ya mwanawe. Wewe ndiye utakayemkabidhi, na wewe ndiye utakayemweleza."

Anisia aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Mama mdogo. Nitamweleza Salome akiwepo."